Saa ndiyo inayochagua mtazamaji: tamthilia yetu ya kifamilia ilivyohamishwa kutoka saa moja na nusu hadi saa tatu na nusu usiku

Baraza la Kisauni (mleta uzi)

Asalaam aleikum na habari za jioni, wadau wote.

Kwenye ule mjadala wa wiki iliyopita wengi walisema tamthilia nzuri itatazamwa tu, hata ikirushwa usiku wa manane. Nilinyamaza kwa sababu jibu langu ni refu. Leo nimepata nafasi, nalileta kama uzi wake wenyewe.

Kwa miaka minne nilikuwa mmoja wa waandishi watatu wa tamthilia ya kifamilia iliyokuwa ikipigwa hapa Mombasa. Jina lake na la kituo nitayaacha, maana wengi waliohusika bado wako kazini na sitaki mtu akose riziki. Tulianza saa moja na nusu usiku, Jumatatu hadi Jumatano. Msimu wa tatu tukahamishiwa saa tatu na nusu. Waigizaji ni wale wale, nyumba ya kupigia picha ni ile ile, hata wimbo wa kuanzia haukuguswa. Tulisogezwa saa mbili tu, na watu wetu wakapotea.

Nianze na mtu mmoja ndipo mnielewe.

Mtaani kwetu kuna mama anauza viazi karai na bajia mlangoni kwake kuanzia alasiri. Televisheni iko sebuleni, lakini aliigeuza ikatazama mlango ili aione akiwa kwenye karai. Saa moja na nusu wimbo wetu ukianza, anapunguza moto, anafunika bakuli la unga wa dengu kwa sahani, anavuta kigoda. Mteja akija anaambiwa, "Ngoja kidogo, mwanangu," na mteja anangoja kwa sababu naye anatazama. Ndani mzee yuko kwenye mkeka, ametoka kuswali magharibi. Mabinti wawili wanakunja nguo. Mjukuu ana daftari la hesabu mapajani na macho yako kwenye kioo. Televisheni moja, watu saba, na wawili kati yao si hata wa nyumba ile.

Nilikuwa napita hapo makusudi kila Jumatatu. Nimejifunza uandishi mlangoni pale kuliko kwenye semina yoyote. Mafuta yakivuma mama hasikii vizuri, na akimgeukia mteja haoni kabisa. Ndiyo maana wahusika wetu walikuwa wanatajana majina kila wanapoingia chumbani, na jambo zito tulilisema mara mbili kwa vinywa viwili tofauti. Kuna waongozaji wanaona hayo ni uandishi wa kizamani. Kwetu ilikuwa ni heshima kwa mtu anayetazama huku anakaanga.

Halafu kuna adhana ya isha. Kwa saa za Mombasa huwa inaingia katikati ya kipindi hicho, mapema kidogo au baadaye kidogo kutegemea mwezi. Nyumba nyingi hunyamazisha televisheni. Tukakubaliana na mhariri wetu kwamba tangazo la kwanza la biashara liangukie karibu na hapo, na kama haiwezekani, basi hapo iwepo picha ya mtu anatembea au anawaza, pasiwe na siri inayofichuliwa. Mambo kama haya hayaandikwi kwenye mkataba wowote, lakini ndiyo yaliyotufanya tuwe tamthilia ya nyumba zile.

Kisha tukaambiwa saa yetu imepata kipindi kingine chenye mdhamini. Sisi tutakwenda saa tatu na nusu, "saa ya watu wazima wenye fedha," na mashabiki watatufuata. Tangazo la kuhama lilikuwa maandishi yanayopita chini ya kioo kwa siku nne. Mama wa viazi kutoka kwenye karai yake hawezi kusoma maandishi yale. Wiki ya kwanza aliniuliza, "Mmeacha?" Nikamwambia tumehama. Akaniuliza saa ngapi, nikamwambia, akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, saa tatu na nusu mimi nimeshalala. Saa kumi naamka kukanda mahamri."

Mjukuu ana shule. Mzee saa hiyo yuko kwenye habari, au mpira kama upo. Walibaki mabinti wawili, kila mmoja na simu mkononi, wanatazama nusu nusu.

Na hapa ndipo palipouma zaidi. Baada ya miezi miwili mhariri wa hadithi akatuletea ujumbe kutoka juu: punguzeni bibi na watoto, ongezeni mapenzi na ugomvi, maana wanaotazama sasa ni vijana. Walikuwa sahihi kuhusu nani anatazama. Lakini bibi ndiye aliyekuwa uti wa mgongo wa hadithi yote. Ugomvi wa urithi wa shamba la minazi hauna maana kama hakuna bibi wa kuukalia kikao. Tukamuuguza, tukamlaza hospitali sehemu sita, na waliobaki wakatawanyika. Msimu wa nne haukumalizika.

Nitaendelea. Kwanza nisikie maoni.

Mchokonozi

Mkuu, pole sana. Ila nikuulize kwa nia njema: utajuaje ni saa na siyo hadithi iliyochuja? Msimu wa tatu tamthilia nyingi huchoka zenyewe. Una ushahidi gani usiokuwa wa mtaani kwako?

Baraza la Kisauni

Swali zuri sana, kaka, na ndilo nililolitaka. Ugumu wa jambo hili ni kwamba tamthilia ikihamishwa, mara nyingi kuna vitu vingine vimebadilika pamoja nayo. Ili ujue nguvu ya saa peke yake unahitaji hadithi ile ile, sehemu ile ile, ikirushwa kwa saa mbili tofauti.

Kisa hicho kipo. Ni Neighbours, tamthilia ya Australia kuhusu familia za mtaa mmoja. Ilianza kwao Machi 1985 kwenye kituo cha Seven. Mjini Sydney haikushika, na ndani ya mwaka huo huo Seven wakaiacha. Kituo cha Ten kikaichukua, kikaanza kuirusha Januari 1986.

Oktoba 1986 BBC wakaanza kuionyesha Uingereza. Waliiweka mchana, kama saa saba na nusu kwa saa zetu za kuhesabu, na marudio yake asubuhi iliyofuata. Fikiria nani yuko nyumbani saa saba na nusu mchana: wastaafu, wagonjwa, kina mama wenye watoto wachanga, wasio na kazi. Ilitazamwa, lakini kwa kiasi cha mchana.

Michael Grade ndiye aliyekuwa akisimamia vipindi. Kisa kinachosimuliwa ni kwamba binti yake alimlalamikia: yeye na wenzake wanaipenda, lakini wako shuleni inaporushwa. Basi Januari 1988 yale marudio ya asubuhi yakahamishwa, yakawekwa saa kumi na moja na dakika thelathini na tano jioni. Onyesho la mchana likabaki pale pale. Hadithi haikuguswa hata neno moja. Tena ilikuwa imeshatangulia kuonyeshwa Australia miezi mingi kabla, kwa hiyo hakuna mwandishi aliyekaa kuiandika upya kwa ajili ya saa hiyo.

Watazamaji wakafurika. Novemba 1988, siku ya harusi ya Scott na Charlene, wahusika wawili wa hadithi hiyo, Uingereza walihesabiwa watazamaji milioni 19.6. Nchi wakati huo ilikuwa na watu kama milioni 57. Karibu mtu mmoja katika kila watatu.

Sasa tazama ilivyopangwa. Kabla yake ni vipindi vya watoto. Baada yake, saa kumi na mbili jioni, ni taarifa ya habari. Mtoto ameshatoka shule na yuko mbele ya kioo tayari, hana haja ya kunyanyuka. Mama anaandaa chakula cha jioni, maana wenzetu wanakula mapema. Baba anaingia kungoja habari. Dakika ishirini na tano tu, lakini vizazi vitatu vimekutana bila mtu yeyote kuitwa.

Kwa hiyo, kaka Mchokonozi, huwezi kusema hadithi iliboreka.

Dishi la Tanga

Mleta uzi umenigusa. Sisi huku Tanzania taarifa ya habari ni saa mbili usiku, ndiyo mila tangu utoto wetu. Marehemu baba ikigonga saa mbili hakuna anayegusa rimoti. Kwa hiyo tamthilia ya saa moja na nusu kwetu inapata nusu saa tu kabla mzee hajachukua kiti chake. Ya saa mbili ndiyo basi tena. Mama alikuwa anatuambia, "Subirini habari iishe," na ikiisha nusu yetu tumeshasinzia sakafuni.

Baraza la Kisauni

Dada au kaka, sijui, lakini umesema jambo ambalo watu wengi wa ratiba hulisahau. Mombasa na Tanga ni majirani, saa zetu za ukutani ni zile zile, chakula chetu ni kile kile, adhana zinapishana kwa dakika chache. Lakini Kenya habari za Kiswahili ni saa moja jioni, kwenu ni saa mbili. Basi saa moja na nusu ya Mombasa na saa moja na nusu ya Tanga ni saa mbili tofauti kabisa kwa tamthilia. Kwetu ni *baada* ya habari. Kwenu ni *kabla*.

Tazama kituo cha Citizen cha huku Kenya walivyoitumia hiyo. Taarifa yao ya Nipashe ni saa moja. Ikiisha, saa moja na nusu inaingia tamthilia, Jumatatu hadi Ijumaa. Maria ilianza 2019, Zora ikaifuata 2021, Sultana 2022, zote kwenye kiti kile kile. Zote zimetoka Jiffy Pictures, kampuni ya Lulu Hassan na Rashid Abdalla, ambao ni watangazaji wa habari wa kituo hicho hicho. Mtazamaji anasikiliza habari za Kiswahili, kisha bila kubadilisha kituo wala lugha anaingia kwenye hadithi ya Kiswahili. Mzee aliyekuja kwa ajili ya habari anajikuta ameshakaa. Dakika kumi baadaye anauliza, "Huyu ni mtoto wa nani?" Ukishamsikia baba anauliza hivyo, jua umempata.

Na kuna jambo la Maria ambalo naona halijasemwa vya kutosha. Tarehe 27 Machi 2020 Kenya iliwekewa kafyu kwa ajili ya korona, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Juni 7 ikasogezwa hadi saa tatu usiku. Kwa hiyo kwa zaidi ya miezi miwili, saa moja na nusu ilipofika, kila mtu alikuwa ndani ya nyumba yake kwa amri. Watu wa Nairobi ambao kwa kawaida saa hiyo wako kwenye matatu, kwenye foleni ya Thika Road, walikuwa sebuleni na wake zao na wazazi wao. Siondoi sifa ya Maria hata kidogo, ilikuwa imeshapendwa kabla ya hapo. Nasema tu kwamba amri ile iliwaleta nyumbani watu ambao saa moja na nusu haijawahi kuwapata, na walipoonja, wengi hawakuacha hata kafyu ilipolegezwa.

Mama Wawili

Nathibitisha hilo la kafyu. Mume wangu ni dereva wa masafa, hakuwahi kujua tamthilia ni nini. Miezi ile miwili akawa ndiye anayetuita sisi jikoni. Mpaka leo akiwa safarini ananipigia kuuliza kimetokea nini.

Nina swali. Kwa nini isiwe saa mbili na nusu basi? Mimi saa moja na nusu ndio niko kwenye sima na sukuma.

Baraza la Kisauni

Dada, wewe ndiye mtu ninayemwandikia.

Kuna mvutano hapa usio na suluhisho moja. Mama anayepika yuko huru baada ya chakula. Mtoto yuko huru kabla ya chakula. Mzee yuko huru wakati wowote isipokuwa wa habari na swala. Ukiisogeza tamthilia mbele kumfuata mama, unampoteza mtoto. Ukiirudisha nyuma kumfuata mtoto, baba bado yuko barabarani. Saa moja na nusu haimpi mtu yeyote raha kamili, lakini ndiyo saa ambayo wote wako chini ya paa moja, hata kama mmoja anatazama kwa sikio akiwa jikoni. Tamthilia ya kifamilia inaishi hapo.

Na hapo kuna hesabu inayowaponza wenye vituo. Kuna kuhesabu televisheni zilizowashwa, na kuna kuhesabu vichwa vilivyo mbele ya televisheni moja. Nyumba ya mama wa viazi saa moja na nusu ni televisheni moja na vichwa saba. Saa tatu na nusu ni televisheni ile ile moja, vichwa viwili. Ukihesabu televisheni utasema hakuna kilichopotea.

Mpita Njia

Nimesoma yote, uzi mzuri. Lakini nikupinge kidogo. Kyunki Saas Bhi Kabhi Bahu Thi ya Star Plus ilikuwa saa nne na nusu usiku! Tamthilia ya familia kuliko zote duniani, na ilitawala India miaka minane. Sasa saa tatu na nusu yenu ilishindwa vipi?

Baraza la Kisauni

Ahsante kwa kulileta, maana nililifikiria sana wakati ule. Hata kwenye kikao cha kutuhamisha mfano huo ulitajwa.

Kyunki ilianza tarehe 3 Julai 2000, saa nne na nusu usiku. Lakini tazama nini kilianza siku hiyo hiyo, kituo hicho hicho, saa tatu: Kaun Banega Crorepati, shindano la maswali la Amitabh Bachchan. Nyota mkubwa kuliko wote wa filamu za Kihindi anaingia sebuleni kwa mara ya kwanza kuuliza maswali. Babu, wajukuu, wote wako pale. Miezi mitatu baadaye, Oktoba 2000, wakaiweka Kahaani Ghar Ghar Kii saa nne kamili. Kwa hiyo ukihesabu, mtu aliyekaa saa tatu alikuwa anapokezwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine, mpaka saa nne na nusu. Kyunki haikuachwa peke yake gizani, ilipewa nyumba iliyojaa tayari.

Halafu, na hili ni maoni yangu, saa nne na nusu ilimfaa mtu mmoja maalumu: mke aliyeolewa kwenye nyumba ya ukoo mzima. Huyo ameshalisha wakwe, ameshaosha vyombo, watoto wamelala. Ndiyo nusu saa ya kwanza tangu alfajiri ambayo hakuna anayemtuma. Na hadithi inamhusu yeye, mama mkwe na mkaza mwana. Saa na hadithi vilikuwa vinamtazama mtu mmoja. Ikaenda hadi Novemba 2008, zaidi ya sehemu 1,800.

Sisi saa tatu na nusu tulitanguliwa na nini? Majadiliano ya siasa, lugha ya Kiingereza. Mtu anayefuatilia mabishano ya wabunge kwa Kiingereza anashtukia wimbo wa taarab na bibi amekaa kwenye kibaraza. Anabadilisha kituo. Wala simlaumu.

Kwa hiyo, kaka, mimi sisemi saa za usiku ni mbaya. Nasema usiniambie saa bila kuniambia nini kimetangulia, nani ameketi tayari, na hadithi inamtazama nani.

Mchokonozi

Hapo nimekuelewa. Na kushindanishwa je? Mara nyingine kituo kinakuweka uso kwa uso na kipindi kikubwa cha jirani.

Baraza la Kisauni

Hilo lina visa viwili vinavyopingana, na vyote ni vya kweli.

Cha kwanza ni EastEnders ya BBC, tamthilia ya familia za mtaa mmoja wa London. Ilianza Februari 19, 1985, Jumanne na Alhamisi, saa moja jioni. Siku hizo zilichaguliwa makusudi, maana Coronation Street, tamthilia ya kituo shindani cha ITV, ilikuwa imeshika Jumatatu na Jumatano kwa miaka mingi na hakuna aliyetaka kuigusa. Lakini saa moja ile ile ITV wakawa na tamthilia nyingine, Emmerdale Farm. EastEnders ilianza kwa kishindo, kisha kiangazi watazamaji wakashuka. Septemba mwaka huo huo BBC wakaisogeza nusu saa tu, hadi saa moja na nusu, watu wasilazimike kuchagua. Pia sehemu zote za wiki zikawa zinaunganishwa na kurudiwa Jumapili. Krismasi ya 1986 ilifika watazamaji kama milioni 30. Nusu saa ile haikuwa sababu pekee, lakini ilifungua mlango.

Cha pili ni The Waltons ya Marekani, familia ya mlimani Virginia wakati wa shida za miaka ya 1930. Kituo cha CBS waliianza Septemba 1972 wakaiweka Alhamisi saa mbili usiku, uso kwa uso na Flip Wilson wa kituo shindani cha NBC, mmoja wa wachekeshaji wakubwa kabisa wa wakati huo. Wengi waliona ni kupelekwa machinjioni. Hawakuihamisha. Watazamaji wakaongezeka polepole, msimu wa pili ikawa ya pili kwa kutazamwa nchi nzima, na 1974 kipindi cha Flip Wilson kikafungwa. The Waltons ilibaki Alhamisi mpaka 1981.

Mimi ninachokiona ni kwamba wa kwanza alisogezwa nusu saa tu, mapema, kabla watu hawajazoea, na akabaki kwenye siku zake. Wa pili hakusogezwa kabisa. Hakuna kati yao aliyetupwa saa mbili mbele msimu wa tatu, baada ya nyumba kuwa zimeshapanga jioni zao kumzunguka. Mama wa viazi alikuwa amehamisha saa yake ya kukoroga unga kwa ajili yetu. Mtu akishafanya hivyo kwa ajili yako, amekupa kitu kikubwa sana.

Kizazi Kipya

Mzee wangu, heshima kwako, lakini haya yote si ya zamani? Siku hizi tunatazama mtandaoni muda tunaotaka. Saa ya televisheni imekufa.

Baraza la Kisauni

Mdogo wangu, haijafa. Imebadilika kazi.

Hao hao BBC tangu 2023 wanaiweka EastEnders mtandaoni saa kumi na mbili asubuhi, na bado jioni wanairusha kwenye televisheni kwa saa yake. Anayetaka mapema amepewa, na anayetaka kukaa na wenzake hajanyang'anywa. Huo naona ni utaratibu wa kuigwa.

Huku kwetu kuna na bando. Nusu saa ya video inakula fedha, na mama wa viazi hawezi kununua bando kila siku ili atazame peke yake kwenye kioo cha kiganja. Televisheni ya hewani akishalipia stima imekwisha. Na hata mwenye bando, mjadala wote wa mtandaoni unaanza pale pale kipindi kinaporushwa. Ukichelewa siku mbili unakuta kila kitu kimeshasemwa.

Mabinti wa yule mama wanatazama mtandaoni kila kitu, hilo ni kweli. Wanatazama wakiwa chumba kimoja, kila mmoja na masikio yake yamezibwa. Sisemi ni vibaya. Lakini mwandishi wa tamthilia ya kifamilia anayewaandikia hao hahitaji tena sentensi ambayo bibi ataicheka kwa sababu moja na mjukuu kwa sababu nyingine. Ile kazi ya kuandika sentensi za namna hiyo ndiyo niliyoipenda kuliko zote.

Mama Wawili

Umenitoa machozi na mimi niko kazini.

Dishi la Tanga

Mkuu, nina mdogo wangu yuko Dar, wameandika tamthilia yao, kituo kimeonyesha nia. Wamepewa kuchagua kati ya Jumapili saa kumi na mbili na nusu jioni na Jumatano saa tatu usiku. Familia, mjomba na urithi, mambo ya Tanga Mjini. Ungekuwa wewe?

Baraza la Kisauni

Mwambie aende Jumapili, lakini kabla ya kusaini aulize mambo haya kwa kinywa chake, asitume barua pepe.

Aulize Jumapili saa kumi na mbili kuna kipindi gani. Kama ni nyimbo za dini au kipindi cha watoto, ni heri kwake. Kama ni mpira unaoweza kuzidi muda, aombe iandikwe kwamba mpira ukizidi, tamthilia haikatwi mwanzo. Kukatwa dakika nne za mwanzo mara tatu kunaua kuliko kuhamishwa, kwa sababu mtu akikuta hadithi imeshaanza anaona amedharauliwa.

Aulize marudio ni lini. Jumatano usiku aiombe kama marudio. Itawapata wale waliokuwa safarini Jumapili, na wanaotoka shamba kurudi mjini jioni ile ni wengi.

Magharibi itaingia karibu na mwanzo wa kipindi, na Tanga Mjini watu wanaswali. Basi dakika za kwanza wasiweke siri kubwa. Waanze na mjomba anaingia uani, anasalimia kila mtu kwa jina, taratibu. Anayeswali akirudi mkekani hajapitwa na kitu.

Na aombe iandikwe kwamba saa haitabadilishwa ndani ya msimu. Hilo sisi hatukuliomba. Hatukujua kama linaombwa.

Akishapata majibu alete hapa, tutayaangalia pamoja. Miswada ya sehemu tatu za kwanza nikipewa nitaisoma, na nitampelekea yule mama wa viazi mlangoni kwake nimsomee kwa sauti huku anakaanga. Akigeuza kichwa mara mbili kuniuliza "Nani huyo anasema?" nitaweka alama pembeni.